Poti ya nne imekufa? Muulize keneli kwanza: jinsi ya kufuata resosi za kifaa kwenye Linux, hatua kwa hatua

Wakuu, juzi kati nimeitwa Tandale kwenye ghala moja la nafaka. Jamaa ana kompyuta ya mtumba inaendesha Debian (aina mojawapo ya Linux), nyuma kachomeka kadi ya poti nne za siria, zile za pini tisa za kizamani ambazo mizani na printa nyingi za risiti bado zinazitumia. Poti tatu zinapiga kazi, ya nne kimya. Fundi wa kwanza kasema kadi mbovu, mzee wa watu akaenda Kariakoo akanunua nyingine, kuchomeka hivi tatu zinafanya kazi, ya nne kimya vile vile. Fundi wa pili kasema mazabodi ndo imekufa. Hapo ndo nikaitwa mimi.

Sikufungua hata kava. Nilikaa kwenye terminali kama dakika ishirini nikamfuata keneli (ule moyo wa Linux unaoongea na vifaa) nyuma nyuma, nikauliza maswali yale yale anayouliza yeye mashine ikiwaka na kwa mpangilio ule ule, mpaka nikafika sehemu ambayo jibu lilikuwa linakosekana. Madogo wa kijiweni wakaniambia niandike hiyo kitu vizuri kwa sababu kila nikiwaelezea kwa mdomo wanasahau, kwa iyo hii hapa. Kitakachokuja ni cha Linux, Windows nitaigusa kidogo huko mwishoni.

Kwanza, resosi ni nini

Kifaa chochote ili kiongee na prosesa kinahitaji vitu viwili vitatu. Kinahitaji eneo la anwani za memori, au namba za poti za I/O, au vyote viwili, hapo ndo draiva (programu inayoendesha kifaa) itaandika na kusoma. Na kinahitaji njia ya kumshtua prosesa, "oya huku kuna data", ambayo ndo intarapti, wengine tunaita IRQ. Zamani ilikuwepo na chaneli ya DMA (njia ya kifaa kufikia memori bila kupitia prosesa), siku hizi kadi za PCI zinajimudu zenyewe kwenye hilo so usihangaike nayo.

Waliogusa kompyuta za miaka ya 90 wanakumbuka jampa. Kadi ya ISA (aina ya sloti ya enzi hizo) ilikuwa na vipini vidogo, unahamisha kile kiplastiki kumwambia we kaa IRQ 5, poti 220 heksa (hesabu ya kumi na sita, tarakimu 0 mpaka 9 halafu a mpaka f, ukiona 0x mbele ya namba ni hiyo hiyo). IRQ zenyewe zilikuwa 16 tu, 0 mpaka 15, na nyingi zimeshakaliwa na taimu, kibodi, saa, disk. Kadi mbili zikigombania namba moja basi moja haifanyi kazi au zote zinafanya maajabu. Na keneli alikuwa hana wa kumuuliza, ilibidi aamini ulichomuandikia kwenye faili la konfigi au akisie kwa kugonga poti moja moja kuona nani ataitika, kitu ambacho kiligandisha mashine nyingi tu. PCI, aina mpya ya sloti iliyoletwa na Intel 1992, ndo ikabadilisha mambo: kadi yenyewe inabeba maelezo yake na ukiiuliza inajibu. Mwongozo wote huu umekaa juu ya hicho kitu kimoja.

Unachohitaji: Linux yoyote (hata ya kubuti kwenye fleshi inatosha), na kifurushi cha pciutils. Kama hakipo, kwenye Debian na ndugu zake:

`sudo apt install pciutils`

Hatua ya 1: nani yupo?

Swali la kwanza la keneli ni jepesi, kuna mtu humo? Anapita sloti moja moja. Kila kifaa cha PCI kina anwani ya vipande vitatu: basi (njia wanayochangia vifaa, sio la Mbagala), kifaa, na fankisheni (kifaa kimoja kinaweza kubeba kazi zaidi ya moja). Mabasi yanaweza kufika 256, kila basi vifaa 32, kila kifaa fankisheni 8. Ndo maana unaona namba kama 03:00.0.

Kwenye mashine za kawaida za x86 njia ya asili ya kuuliza ni poti mbili: unaandika kwenye 0xCF8 unamtaka nani na rejista (kijisanduku cha namba ndani ya kifaa) gani, halafu unasoma jibu kwenye 0xCFC. Kila fankisheni ina baiti 256 za maelezo. PCI Express ikaongeza mpaka baiti 4096, na hizo zinasomwa kama memori ya kawaida tu, piga hesabu ya mabasi 256 mara 32 mara 8 mara 4096 unapata MB 256 za anwani zinazotengwa kwa ajili ya maelezo peke yake.

Baiti mbili za kwanza ni namba ya mtengenezaji, mbili zinazofuata ni namba ya kifaa. Ikirudi FFFF maana yake hamna mtu, keneli anasonga mbele. Intel wao wamejichukulia 8086, jina la prosesa yao ya 1978, Realtek ni 10ec, NVIDIA ni 10de. We unaona yote hayo kwa:

`lspci -nn`

Kama kadi yako haipo kabisa kwenye orodha hii, acha kuhangaika na draiva. Narudia, acha. Mtu anakesha anadownload draiva kwa bando la usiku wakati kadi hata haijaitika jina. Hapo tatizo ni la mkono: zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa kadi, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, na kwa hali ya hewa ya huku kwetu ya joto na chumvichumvi meno yanachafuka kweli, rudisha, jaribu sloti nyingine, angalia kwenye biosi (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Linux) kama sloti haijazimwa. Ukitaka keneli apite tena bila kuzima mashine (tuseme kifaa kimechelewa kuamka):

`echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan`

Pale Tandale kadi ilikuwepo, 03:00.0, imejitambulisha vizuri kabisa kama kifaa cha siria. Kwa iyo fundi aliyesema kadi mbovu hapa tayari alikuwa na maswali ya kujibu, ila tusimhukumu bado.

Hatua ya 2: unahitaji nafasi kiasi gani?

Hapa ndo patamu, na ndo watu wengi hawapajui, kwa iyo ntakaa kidogo.

Fikiria mtu anatafuta fremu ya biashara Kariakoo. Hajali sana kama itakuwa Mtaa wa Aggrey au Msimbazi, anachojua ni ukubwa anaoutaka. Kadi ndo iko hivo. Haijui itakaa anwani gani, inajua tu "nataka baiti 256 za poti na kilobaiti 32 za memori". Dalali wa kwanza ni biosi, mashine ikiwaka inampangia kila mmoja sehemu yake. Keneli anakuja baadae, anakagua mikataba yote, na akikuta imegongana au mtu kakosa fremu anapanga upya mwenyewe.

Mikataba yenyewe inakaa kwenye rejista sita zinazoitwa BAR, kuanzia baiti ya 0x10 mpaka 0x24 kwenye yale maelezo ya kadi, kila moja baiti nne. BAR ya biti 64 inakula nafasi mbili. Biti ya mwisho kabisa kulia inasema aina: ikiwa 1 ni poti za I/O, ikiwa 0 ni memori.

Sasa BAR inaonesha anwani tu, ukubwa haujaandikwa popote. Keneli anaujuaje? Anatumia ujanja huu. Kwanza anaiambia kadi isiitikie anwani zake kwa muda, anazima biti mbili za chini kwenye rejista ya amri iliyopo 0x04. Anahifadhi thamani ya zamani ya BAR. Halafu anaandika moja tupu, FFFFFFFF, kisha anasoma tena. Kadi imetengenezwa hivi kwamba zile biti za chini zilizo ndani ya ukubwa wake haziandikiki, zimefungwa kwenye sifuri, kwa iyo unachosoma sio ulichoandika. Mfano umeandika FFFFFFFF, imerudi FFFF8000. Unageuza biti zote unapata 7FFF, unajumlisha moja, 8000 heksa, ambayo ni 32768, kilobaiti 32. Kadi imekutajia ukubwa wake bila kuongea. Kwa BAR ya memori unatoa kwanza biti nne za chini kabla ya kugeuza kwa sababu zina kazi nyingine, kwa ya poti unatoa mbili. Ile ya poti ikirudi FFFFFF01, toa biti mbili za chini, geuza, jumlisha moja, 256. Akimaliza anarudisha thamani ya zamani na kuiwasha kadi tena.

Mi siku naielewa hii nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kuna vitu viwili vinatokea hapo moja kwa moja. Ukubwa lazima uwe wa kuzidisha mbili mbili, 256, 512, 1024 na kuendelea, hamna kadi inayotaka baiti 300. Na anwani lazima igawanyike kwa ukubwa wenyewe, kadi ya MB 256 inaanzia kwenye kizidisho cha MB 256, haiwezi kuanzia katikati. Ndo maana unaweza kuwa na nafasi ya kutosha ukijumlisha vipande vipande lakini bado kadi kubwa ikakosa pa kukaa, kama vile fremu tatu ndogo zilizotawanyika haziwi stoo moja.

Kusoma BAR mwenyewe:

`sudo setpci -s 03:00.0 10.l`

Mimi ilinirudishia 0000e001. Ile 1 ya mwisho inasema ni poti, kwa iyo anwani ni e000. Halafu `14.l` ikaleta f7c00000, mwisho sifuri, memori. Ila tafadhali, SOMA TU. Komandi hiyo hiyo ukiweka alama ya = inaandika, na ukijaribu ule ujanja wa FFFFFFFF kwenye kontrola ya disk wakati mfumo unaendesha kutoka humo humo, utakuwa umeikata mkia mashine yako ukiwa umeikalia. Keneli kashafanya hiyo kazi mwanzoni, majibu yapo, tunakwenda kuyasoma.

Hatua ya 3: umepangiwa wapi?

Njia fupi ni `lspci -v -s 03:00.0`, utaona mistari ya hivi:

```
I/O ports at e000 [size=256]
Memory at f7c00000 (32-bit, non-prefetchable) [size=32K]
```

Ukitaka ile ambayo keneli anaitumia mwenyewe bila mapambo:

```
cat /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/resource
0x000000000000e000 0x000000000000e0ff 0x0000000000040101
0x00000000f7c00000 0x00000000f7c07fff 0x0000000000040200
```

Mstari mmoja kwa kila BAR, mwanzo, mwisho, na bendera. Mistari sita ya kwanza ni zile BAR sita, wa saba ni ROM ya kadi kama ipo, sifuri tupu maana yake hamna kitu. Kwenye bendera tafuta hizi: 100 ni poti, 200 ni memori, 400 IRQ, 800 DMA. Hapo juu 40101 ina 100 ndani yake, kwa iyo poti. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo.

Halafu kuna picha nzima ya mji, ambayo ndo naipenda kuliko zote:

`sudo cat /proc/ioports`
`sudo cat /proc/iomem`

Usisahau sudo. Bila sudo anwani zote zinatoka sifuri, na nimeshaona mtu anashangaa "mbona mashine yangu haina anwani", keneli anazificha makusudi kwa usalama.

Mafaili haya mawili ni mti. Aliyeingia ndani kidogo kwa nafasi anakaa ndani ya aliye juu yake. Ya Tandale ilikuwa hivi kwa upande wa poti:

```
e000-efff : PCI Bus 0000:03
  e000-e0ff : 0000:03:00.0
    e0c0-e0c7 : serial
    e0c8-e0cf : serial
    e0d0-e0d7 : serial
```

Mstari wa kwanza ni daraja. Kadi yako haiko moja kwa moja kwa prosesa, iko nyuma ya daraja la PCI, na daraja linapitisha tu anwani zilizo ndani ya dirisha lake. Dirisha la poti linakatwa kwa vipande vya kilobaiti 4, la memori kwa vipande vya megabaiti 1. Poti zote za I/O kwenye x86 ni 65536, ukigawa kwa 4096 unapata madirisha 16, basi, hamna la kumi na saba. Kwa mtu wa kawaida haimgusi lakini ukijaza mashine kadi za kizamani zinazotaka poti, kuna siku utaumia.

Mstari wa pili ni kadi yenyewe, imepata zile 256 zake. Mistari ya ndani zaidi nitairudia hatua ya 5, ila hesabu yako mwenyewe: mistari ya serial iko mingapi?

Hatua ya 4: vifaa visivyojua kujieleza

Sio kila kitu ni PCI. Kibodi ya ndani ya laptop, poti ya siria ya kwenye mazabodi, batani ya kuwashia, hivi havina BAR, havina kitambulisho cha kusoma. Hapo keneli anauliza ACPI, meza za maelezo ambazo biosi inaziacha kwenye memori, toleo la kwanza lilitoka 1996. Ndani yake kila kifaa kina jina, mfano PNP0303 ni kibodi na PNP0501 ni poti ya siria, na kina kijiprogramu kinachoitwa `_CRS`, ambacho keneli akikiendesha kinamjibu "huyu kwa sasa anakaa hapa na hapa". Kuna na `_PRS`, sehemu anazoweza kukaa, na `_SRS` ya kumhamisha.

Kuona majibu yake:

`cat /sys/bus/pnp/devices/*/resources`

Utakuta pengine kimoja kina io 0x60, io 0x64 na irq 1. Huyo ndo kibodi, yuko hapo hapo tangu enzi za mababu. Poti ya kwanza ya siria utaikuta 0x3f8 na irq 4.

ACPI hiyo hiyo ndo inamwambia keneli maeneo gani ya anwani yameachwa kwa ajili ya PCI nzima. Kuna mashine za mtumba meza zake zimeandikwa hovyo, inamwambia keneli eneo dogo kuliko lililopo, na kadi inakosa nafasi bila sababu. Kwa hizo kuna kumwambia keneli wakati wa kubuti asisikilize, `pci=nocrs`. Tumia kujaribu, usiiweke kwenye kila mashine kama chumvi.

Kwenye Raspberry Pi na vifaa vingine vingi vya ARM hamna ACPI, kuna faili la mti wa vifaa linalopewa keneli wakati wa kubuti, ndani yake kila kifaa kina `reg` (anwani na ukubwa) na `interrupts`. Utaliona chini ya `/proc/device-tree`. Kimsingi hapo kuna mtu kakaa chini akaandika kwa mkono nani anakaa wapi.

Hatua ya 5: nani kashika funguo?

Kupangiwa fremu ni jambo moja, kuifungua na kuanza biashara ni jingine. Draiva inapokuja kwenye kifaa lazima imwombe keneli rasmi kwamba eneo hili nalishika mimi. Keneli anaangalia kwenye ule mti, kama kuna mwingine kashashika anakataa. Ikikubaliwa, jina linaongezeka kama mstari mpya ndani zaidi. Kwa iyo kwenye /proc/ioports na /proc/iomem ukiona namba ya kifaa tu bila jina la ndani, mara nyingi maana yake fremu imelipiwa ila imefungwa.

Angalia pia:

`lspci -k -s 03:00.0`

Mstari wa "Kernel driver in use" unakuambia draiva gani. Na hapa ndo mtego uliowanasa wenzangu wawili. Pale Tandale uliandika serial, draiva ipo, kila mtu angesema keneli yuko sawa tatizo ni chuma. Lakini poti moja ya siria inahitaji anwani nane. Kadi ina poti nne. Kwenye mti mistari ya serial iko mitatu, e0c0, e0c8, e0d0, na wa nne ambao ungekuwa e0d8 haupo. Kadi imepata nafasi ya poti zote nne, draiva imekuja, imeshika tatu ikaishia hapo. Chuma hakina kosa, kuna kitu kimeizuia draiva.

Kwa wale wanaoandika draiva, neno moja tu: usisome BAR mwenyewe ukaitumia kama anwani. Kuna mashine ambazo anwani inayoonekana upande wa basi sio ile inayoonekana upande wa prosesa. Muulize keneli, `pci_resource_start` na `pci_resource_len`, shika kwa `pci_request_regions`, fungua kwa `pci_iomap`. Kwa vifaa visivyo vya PCI ni `platform_get_resource` na `platform_get_irq`.

Hatua ya 6: intarapti

`cat /proc/interrupts`

Kila mstari ni IRQ moja, namba za katikati ni mara ngapi imepigwa kwa kila prosesa, mwisho jina la anayeisikiliza. Fanya jambo moja, tumia kifaa halafu rudia komandi. Namba ikipanda, intarapti inafika. Isipopanda wakati anwani zote ziko sawa, hapo una kesi.

Angalizo ambalo liliwahi kunipotezea mchana mzima: draiva ya siria haishiki IRQ mpaka programu ifungue poti. Kwa iyo usipoiona kwenye orodha sio ugonjwa, fungua poti kwanza ndo uangalie. Kadi za kisasa zaidi hazitumii hata waya wa intarapti, zinaandika ujumbe kwenye anwani maalum ya memori na prosesa anaelewa, hiyo inaitwa MSI, na toleo lake kubwa MSI-X linaruhusu mpaka intarapti 2048 kwa kifaa kimoja. Toka 16 za mashine nzima.

Hatua ya 7: sasa soma keneli analalamika nini

Watu wanaanzia hapa, mi naweka mwisho, kwa sababu dmesg (daftari la ujumbe wa keneli) bila kujua hatua za juu ni kelele tu.

`sudo dmesg | grep -iE 'BAR|conflict|resource|no space|couldn'`

Namba za makosa zina maana, -16 ni kuna mtu kashashika, -19 hamna kifaa hicho, -12 memori imegoma, -28 nafasi zimekwisha. Pale ghalani ikatoka:

```
serial 0000:03:00.0: Couldn't register serial port e0d8, irq 16, type 0, error -28
```

Si unaona, e0d8, ile ile niliyoikosa kwenye mti. Nafasi zimekwisha. Sio nafasi za anwani, hizo tumeshaona zipo. Ni kwamba draiva ya siria inakuja na idadi ya viti iliyopangwa wakati keneli anatengenezwa, na huyu alikuwa na viti vinne. Poti ya kwenye mazabodi imekalia kimoja, kadi ikapata vitatu, wa nne akasimama mlangoni. Hata angenunua kadi kumi.

Ukikuta "no space" kwenye BAR ya kadi ya video au za seva, hiyo ni habari tofauti. Vifaa vya biti 32 lazima vikae chini ya GB 4 za anwani, na RAM nayo inagombania hapo hapo. Ndo maana mtu anaweka RAM ya GB 4 kwenye Windows ya biti 32 anaona tatu na kitu, anarudi dukani kugombana kwamba kaibiwa. Hajaibiwa, anwani zilizobaki wamepewa vifaa. Kwenye Linux ya biti 64 ukifungua /proc/iomem utakuta kipande cha System RAM kinaanzia 100000000, hicho ndo kilichohamishiwa juu ya GB 4. Kadi kubwa za video (GPU) zinazotaka BAR ya GB 16 haziwezi kabisa kutosha huko chini, ingia biosi uwashe kitu kinaitwa Above 4G Decoding kama mazabodi yako inacho. Ikigoma jaribu `pci=realloc` wakati wa kubuti, inamwambia keneli avunje mikataba ya biosi agawe upya.

Kwa wa Windows

Maswali ni yale yale ila unayaona kwa dirisha. Endesha `devmgmt.msc`, kwenye menyu ya View chagua Resources by type, utaona mti wa memori, poti, IRQ na DMA. Ndani kwa ndani keneli wa Windows anamtumia draiva wa basi maombi mawili: `IRP_MN_QUERY_RESOURCES`, yaani kifaa kimeshapangiwa nini na biosi, na `IRP_MN_QUERY_RESOURCE_REQUIREMENTS`, yaani kinahitaji nini na kingeweza kukaa wapi, akimaliza kugawa anawapelekea majibu kwenye `IRP_MN_START_DEVICE`. Ukiona kifaa kina alama ya njano na Code 12, resosi hazijatosha, rudi kwenye ile habari ya Above 4G.

Tandale ikaishaje

Nilifungua `/etc/default/grub` (faili la mipangilio ya kubuti), kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT nikaongeza `8250.nr_uarts=8` (8250 ndo ile draiva ya siria, nr_uarts ndo idadi ya viti) ndani ya zile alama za nukuu, nikapiga `sudo update-grub`, nikazima nikawasha. /proc/ioports ikaleta serial nne, tukachomeka mizani ya pili, mzee akapanda juu yake yeye mwenyewe na kilo zikatokea kwenye skrini, vijana wa kubeba magunia wakacheka maana alikuwa anawadanganya uzito wake.

Ile kadi ya kwanza, mbovu, alinipa bure. Nimeichomeka kijiweni, poti zote nne zinaitika. Nimempigia aje aichukue, anasema anakuja.